Tairi Lililoliwa Upande Usio Wake

Kijana wa bodaboda alipokuja gereji kwangu mara ya tatu hakushuka. Alizima chombo, akabaki ameketi, miguu yote miwili chini, akasema, "Fundi, nimekuletea mwanao."

Nikazunguka nyuma. Tairi la 3.00-17 nililolifunga kwa mikono yangu siku 48 kabla lilikuwa limekwisha upande wa kushoto mpaka nyuzi za ndani zinachungulia. Upande wa kulia kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa bado na kina cha kumeza kichwa cha njiti ya kiberiti. Nusu kipara, nusu nywele. Na ubaya wa mambo, hilo lilikuwa tairi la tatu kufa kifo kilekile, na la mwisho ndilo lililokufa haraka kuliko yote, baada ya mimi "kuirekebisha" pikipiki.

Gereji yangu ni bati chache na mwembe mmoja pale Igoma, pembeni ya barabara iendayo Musoma. Pikipiki hii ni katika zile za cc 150 zilizojaa Mwanza nzima: ringi za spoku, breki ya dramu nyuma, shokapu mbili. Kijana anaiendesha kwa mkataba, na jioni hesabu ya bosi hutoka kabla ya chakula chake. Alfajiri hubeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba; mchana ni abiria kati ya Igoma na Buzuruga; jioni mzigo tena kama upo. Kilometa alizotembea hazijulikani. Mita ilikwisha kufa zamani, kama zilivyokufa karibu zote zinazopita hapa kwangu, kwa hiyo umri wa tairi tunauhesabu kwa siku.

Mara ya kwanza alikuja mwezi wa sita. Tairi limeliwa kushoto, nikapima upepo, geji ikasoma psi 20. Kibandiko kwenye kava la cheni kilitaka 28 akiwa peke yake na 32 akiwa na abiria. Nikaona jibu limejileta lenyewe. Nikamfokea kidogo, nikafunga tairi jipya, nikajaza, akaondoka. Leo najua nilipaswa kusita hapohapo. Upepo mdogo hula tairi mabega yote mawili, kwa sababu katikati panabonyea na pembeni ndiko kunakobeba uzito. Hauchagui bega. Geji ilinionyesha kosa la kweli, ila halikuwa kosa nililokuwa nikilitafuta.

Mwezi wa tisa akarudi. Kushoto tena. Safari hii nilichuchumaa nikatazama alama za ajasta, kile kifaa cha kusogeza ekseli mbele na nyuma: ile mikwaruzo iliyochongwa mwishoni mwa swingamu, yaani ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Kulia ekseli ilikuwa kwenye alama ya nne, kushoto ya tano. Nilicheka. Nilimuuliza nani alimfungia hivyo, akasema alikuwa mzee mmoja fundi wa Mabatini. Nikasema maneno juu ya mzee yule ambayo sasa nayajutia, nikalegeza nati, nikaweka nne kwa nne, nikakaza. Ikawa nzuri kwa macho.

Siku 48.

Kwa hiyo mara hii ya tatu nilifanya nilichopaswa kufanya mwezi wa sita. Nilimwambia apumzike, anywe chai, pikipiki haitoki leo. Aliguna habari ya hesabu. Nikampigia bosi wake mwenyewe.

Nilianza na swali la upande. Tanzania tunaendesha kushoto. Barabara ya lami haiko tambarare kama meza. Ina mgongo katikati na kuteremka kuelekea ukingoni ili maji yakimbie, kwa hiyo anayekaa upande wake wa kushoto anatembea juu ya mteremko unaoshuka kushoto. Pikipiki ikisimama wima juu ya mteremko huo, ardhi iliyoinuka iko kulia kwake, na bega la kulia la tairi ndilo linalobanwa. Ongeza kona: kwetu kona ya kulia ndiyo pana, ndiyo ndefu, na mzunguko wa barabarani tunauzunguka tukiwa tumelalia kulia. Mambo yote hayo yanakula kulia. Nyuma ya gereji nina rundo la matairi mabovu ambayo watoto huja kuyachukua ya kuchezea, na mengi ukiyapapasa utasikia kulia kumeisha kidogo kuliko kushoto. Kidogo tu, lakini kulia.

Hili lilikuwa limeliwa kushoto. Barabara ilikuwa inavuta huku, kitu kingine kinavuta kule, na hicho kitu kilikuwa na nguvu kuishinda barabara. Hapo nikawaondoa washukiwa wote wa barabarani, mashimo, matuta, mawe ya milimani, nikabaki na mawili: ama pikipiki inatembea imelalia kushoto, ama gurudumu lenyewe limelala kushoto ndani ya pikipiki iliyosimama wima.

La kwanza huletwa na mzigo. Ukining'iniza dumu upande wa kulia, wewe na chombo mtaegemea kushoto bila kujua ili msianguke, na tairi litatembelea bega la kushoto kutwa nzima.

"Gunia unalifungaje?"

"Linalala katikati, fundi, kwa kukingama. Likizidi upande mmoja usukani unakuambia."

Nikaamini, ila nilikwenda kumwona kesho yake asubuhi akifunga, na ni kweli. Katikati kabisa. Tena ana mafundo mazuri kuliko yangu.

Kabla ya kuvua chochote niliazima pikipiki ya jirani nikamfuata nyuma kuelekea Kisesa. Ilikuwa Novemba, mvua imenyesha usiku, madimbwi kila mahali, na madimbwi hayo yakanipa kipimo cha bure. Alipokuwa akitoka kwenye maji na kuingia palipokauka, aliacha alama ya tairi. Pikipiki iliyonyooka ikienda moja kwa moja huacha mstari mmoja, la nyuma linafuta nyayo za la mbele. Yake iliacha mstari mpana, na ukishuka kuutazama unaona ni miwili imepandana: wa mbele umetokeza kushoto, wa nyuma kulia. Upana wa kidole hivi. Chombo kinakwenda kiupandeupande kama kaa.

Tuliporudi nikafanya yale ya haraka. Niliweka chombo kwenye dabo stendi, nikashika gurudumu la nyuma juu na chini nikalitikisa, halafu mbele na nyuma: beringi nzima. Nikasukuma swingamu kulia na kushoto: bushi zina mchezo mdogo, si wa kutisha. Nikakaza bisibisi karibu na ringi nikaizungusha: inacheza kama milimita moja, ringi ya bodaboda ikicheza milimita moja ni bibi harusi. Cheni ilikuwa imeng'ara ubavu mmoja wa pini zake, na sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, meno yamenyolewa upande mmoja tu. Hiyo ilikuwa inasema kwa sauti kwamba gurudumu halitazami linakokwenda. Tairi la mbele lilikuwa na mawimbi, kashata moja juu, moja chini, lakini shokapu za mbele zilikuwa zinatokwa na oili mpaka kwenye breki. Hilo ni kosa lake mwenyewe, na dawa yake ni sili na oili mpya. Nililiweka kando lisinichanganye.

Sasa vipimo. Dabo stendi ingezuia uzi wa kupimia unyoofu, kwa hiyo nilifunga pikipiki kwa kamba mbili kwenye matawi ya mwembe, ikasimama kwa magurudumu yake. Jirani yangu anajenga, nikaazima timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni, kwa mwashi. Nilishusha timazi mbele ya gurudumu la mbele, nikavutavuta kamba za mwembeni mpaka ringi ya mbele ikawa wima kabisa, juu na chini sawa na uzi. Kisha nikahamia nyuma bila kugusa kamba. Kwenye ringi ya nyuma, ukingo wa juu ulikuwa umekwenda kushoto milimita 9 kuliko wa chini.

Milimita 9 ni neno dogo mpaka ulipigie hesabu. Ringi ya 17 juu mpaka chini ni kama sentimita 45, kwa hiyo gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kushoto zaidi ya digrii moja kila wakati, hata kijana akiwa ameketi wima kama askari. Mpira wa pikipiki ni wa mviringo. Digrii moja inatosha kuhamisha pale panapogusa lami, na panahama kwa kila mzunguko wa kila siku.

Baadaye uzi. Sitaki kamba ya manila, inalegea. Wavuvi wana uzi wa kushonea nyavu, mwembamba na mgumu, ninao kibunda kizima kutoka Mwaloni. Niliuzungusha nyuma ya tairi la nyuma, nikauleta mbele pande zote mbili, chini ya mahali pa kukanyagia, nikauvuta mpaka ukagusa mbavu za tairi la nyuma mbele na nyuma yake. Uzi hugusa mbavu, si kashata, kwa hiyo tairi lililoliwa halidanganyi kipimo hiki. La nyuma ni pana kuliko la mbele, na kwa matairi haya mambo yakiwa sawa uzi hupita ukiacha nafasi ya milimita 4 hivi kila upande wa tairi la mbele. Nilipata 17 kulia. Kushoto uzi uliligusa tairi la mbele ukakunjika kabla haujanyooka.

Na wakati nikinyoosha gurudumu la mbele kwa ajili ya kipimo hicho nikagundua kioja. Gurudumu limetazama mbele sawasawa, usukani unatazama kushoto.

"Huu usukani nani kaugusa?"

"Baada ya wewe kufunga alama, fundi, ikawa ili niende moja kwa moja lazima niushike kulia kidogo. Mikono ikaniuma. Dogo mmoja wa kijiweni akalegeza boliti za shokapu, akaunyoosha."

Kwa hiyo mimi nilipindisha nyuma, mwenzangu akaficha dalili mbele. Angeniletea kabla ya hapo, usukani ungenieleza kila kitu.

Kipimo cha tatu ndicho kilichonifunga mdomo. Alama za swingamu nikaziacha kabisa. Nilichukua nondo ya milimita 6, nikanoa ncha moja, ya pili nikaikunja na kuifunga klipu inayoteleza. Ncha nikaiweka katikati ya boliti ndefu ambayo swingamu inajikunjia, klipu nikaipeleka katikati ya ekseli. Kulia: sentimita 47.5. Nikahamia kushoto bila kugusa klipu. Ilipitiliza ekseli kwa milimita 2. Alama zinasema nne kwa nne, chuma kinasema kushoto ni kufupi.

Milimita 2 tu? Kati ya ajasta na ajasta ni sentimita 20. Kati ya ekseli ya nyuma na ya mbele ni sentimita 128. Kosa la nyuma linakua mara sita na zaidi likifika mbele, milimita 2 zinakuwa kama 13. Jumlisha na zile 4 za kawaida, unapata 17 niliyoisoma kwenye uzi. Nilipoona hesabu zinakubaliana hivyo nilijua sipimi tena upepo.

Mzee wa Mabatini alikuwa ameweka kushoto alama moja nyuma zaidi. Alikuwa sahihi. Sijui alipima kwa nini, pengine kwa jicho na miaka, lakini gurudumu lake lilikuwa linatazama mbele, mimi ndiye niliyeligeuza kulia kwa kuziamini alama. Kulala kwa gurudumu ndiko kulikokula matairi mawili ya kwanza. Kuligeuza, ambako ni kazi yangu, ndiko kulikolimaliza la tatu kwa siku 48, maana sasa lilikuwa linalala na kuburuzwa kwa pamoja.

Ila kwa nini chuma kilichotoka kiwandani kiwe kifupi upande mmoja? Nikachukua mafuta ya taa na brashi, nikasugua mwisho wa swingamu upande wa cheni. Grisi ikatoka, tope likatoka, rangi nyeusi ya kupuliza ikatoka. Chini yake kukawa na mshono wa kuchomelea, mzunguko mzima.

Nikamwita. Akatazama muda mrefu.

"Ah. Pale palipasuka mwezi wa tatu. Tukachomelea."

"Mbona hukuniambia, dogo?"

"Hukuuliza, fundi. Halafu hilo lilikuwa tatizo la chuma, si la tairi."

Nilikosa la kumjibu. Mwezi wa tatu umechomelea, mwezi wa sita tairi limekufa, na mimi swali la kwanza lililonitoka lilikuwa la upepo. Tangu siku hiyo, mtu akileta tairi lililoliwa upande, kabla ya geji namuuliza nini kilivunjika, nini kilichomelewa, nani alifungua nini, na lini.

Tulivua swingamu tukaitoa nje. Nina kipande cha kioo kinene cha dirisha la duka, ndicho meza yangu ya unyoofu. Nikapitisha bomba lililonyooka kwenye matundu ya bushi, na jingine la sentimita 60 kwenye mianya ya ekseli, nikafumba jicho moja nikatazama moja juu ya jingine, kama seremala anavyotazama ubao uliopinda. Mabomba hayakulala sambamba, mwisho wa kushoto ulikuwa umezama. Mwanya wa kushoto ulikaa milimita 4 chini kuliko wa kulia. Aliyechomelea alishika kipande kwa koleo, akapiga moto, na chuma kilipopoa kikajivuta kinakotaka. Simlaumu sana. Hakuna aliyemletea kifaa cha kushikia, na mteja alikuwa amesimama anatazama saa.

Kuinyoosha kwa moto nilikataa. Bomba la swingamu ni jembamba, limeshapasuka mara moja na kuchomwa mara moja, na linabeba gunia, abiria, wakati mwingine mshikaki wa abiria wawili. Kuipanga upya kwa kuhamisha alama, kama alivyofanya mzee, kungeondoa kugeuka lakini si kulala. Ajasta inasogeza mbele na nyuma, haiinui ekseli. Bosi alinung'unika kwenye simu, nikamsomea bei ya matairi matatu, akanyamaza.

Swingamu ya mtumba tuliipata kwa wauza vipuri. Ya kwanza niliyopewa niliiweka kwenye kioo changu nilichokuwa nimekibeba chini ya kwapa, watu wakanicheka, na ilikuwa imepinda kuliko ile ya kwetu. Ya pili ikalala vizuri. Nikaweka bushi mpya, cheni na sproketi mpya kwa sababu za zamani zingefundisha mpya tabia mbaya, nikafunga kwa nondo yangu, 47.5 pande zote. Alama zilisoma nne na nusu, na nne. Nikaziacha zisome. Cheni nikaipa mchezo wa kama sentimita mbili na nusu mpaka tatu, nikakaza ekseli, na baada ya kukaza nikapima tena, maana nati ikikazwa huvuta ekseli nayo ikikuta ajasta imelegea.

Usukani nao, bila shaka, sasa ulitazama kushoto waziwazi. Nikalegeza boliti za shokapu nikaurudisha. Timazi: ringi ya mbele na ya nyuma wima pamoja. Uzi: 4 kushoto, 5 kulia. Hiyo 1 nikaiachia Mungu.

Kijana aliondoka jioni. Alikwenda mpaka darajani, akageuza, akarudi anacheka. "Fundi, inaenda kama imepigiwa rula."

"Kila Jumatatu uje nipime. Bure."

Alikuja Jumatatu tatu, akaacha, akarudi baada ya wiki sita na pancha. Nilichukua venia, kipimo cha milimita, nikapima kina cha kashata kulia na kushoto, mahali kadhaa. Kushoto na kulia vilikuwa karibu sawa. Palipokuwa na tofauti, nusu milimita hivi, ni kulia kulikokuwa kumeliwa zaidi.

Mzee wa Mabatini nilimpelekea habari zake, nikamkuta chini ya mkuyu anakaza spoku. Nikasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamweleza yote, pamoja na kucheka kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kioo changu kina ukubwa gani.